Wenye kitimwendo, mnapangaje safari ya Dodoma–Dar–Zanzibar? Kila hoteli inajibu "hakuna shida"

#1 BabaWawili_Dom
Habari wakuu. Natumia kitimwendo, niliumia uti wa mgongo, miguu haifanyi kazi kabisa ila mikono iko vizuri. Mwezi wa kumi na mbili nataka kumpeleka mama watoto na watoto wetu wawili Zanzibar. Treni ya SGR hadi Dar, tulale, asubuhi boti. Bajeti ni ya mwalimu, si ya mbunge.

Nimepiga simu hoteli na nyumba za wageni, Dar na Unguja, swali moja tu: mna chumba anachoweza kukaa mtu wa kitimwendo? Wote, hakuna shida, karibu sana. Nikiuliza mlango wa bafuni una upana gani, kimya. Nikiomba picha ya choo natumiwa picha ya bwawa la kuogelea. Mmoja nilipombana akakiri kuna ngazi "mbili tatu tu" na chumba kiko ghorofani, lakini nisijali, vijana wapo watanibeba.

Sasa nauliza. Hawa watu wanadanganya au hawajui? Na nyie mnaosafiri mnapangaje? Nawasilisha.

#2 KondaMstaafu
Ngoja waje wenye uzoefu. Nimekaa siti ya dirishani.

#3 NendaTu
Mkuu unajipa presha bure. Mtanzania hawezi kukuacha mlangoni. Mdogo wangu ana kiti, tumemzungusha Arusha, Moshi, Tanga, na hatujawahi kupima mlango wa mtu. Unafika, unaita vijana, wanabeba, mnataniana, mnaendelea na safari. Ukipanga sana hutatoka Dodoma.

#4 BintiWaMagurudumu
#3 umesema "tumemzungusha". Yeye uliwahi kumuuliza?

Mimi ni mwanamke. Nabebwa na wanaume nisiowajua, mmoja kashika kwapa, mwingine mapaja, gauni limepanda, wateja wengine wameacha kula wanatazama. Asubuhi unasema asante. Usiku ukitamani kutoka kupunga upepo unaanza kujiuliza: nani yuko zamu? Niwaamshe tena? Unalala saa mbili usiku ukiwa umelipia chumba cha kuonea bahari. Hapo hujatalii, umehifadhiwa.

Mleta uzi, usiulize tena kama "mnapokea". Neno hilo halina kipimo. Mwambie mtu wa mapokezi achukue futi kamba, apime mlango wa chumba na wa bafu, atume picha futi ikiwa mlangoni. Pima na kiti chako kwanza, kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi, pamoja na ile pete ya kusukumia. Vya kukunja vingi ni kama sm 65. Mlango wa sm 70 unapita ukinyooka, lakini ukiwa unakata kona kutoka kwenye korido nyembamba hupiti.

#5 BabaWawili_Dom
#4 ubarikiwe dada. Changu nimepima sasa hivi, sm 66. Futi kamba nitawaomba.

#6 FundiChokaa
Niwajibu kwa upande wa site, maana nyumba hizi tunazijenga sisi.

Sakafu inainuliwa kwanza kukwepa maji ya mvua, sm 45, wengine 60. Zinafuata ngazi. Mteremko unakumbukwa mwisho kabisa, siku ya kupaka rangi. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, maana yake ukipanda sentimita moja unahitaji 12 za kwenda mbele. Sakafu ya sm 60 inadai mteremko wa mita 7.2. Kiwanja mbele kina mita tatu na gari la bosi linalala hapo. Tunaambiwa "fundi weka weka kitu". Tunaweka mita mbili. Huo ni wa kupandishia pikipiki ya mwenye hoteli, mtu wa kiti akiushuka peke yake anamalizia barabarani.

Kwa hiyo #1 hawadanganyi. Wakiulizwa wanauona mteremko kwa macho yao, upo.

#7 Wakili_Msomi2
Tatizo ni sheria kutosimamiwa, siyo kiwanja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya mkataba ni ufikivu. Na watu wengi hawajui ibara ya 30, inayotaja utamaduni, mapumziko, burudani na michezo. Maana yake kwenda kupunga upepo Unguja na familia ni haki iliyoandikwa. Sasa jiulize, mkaguzi wa hoteli akija anakagua nini? Jiko, kizima moto, leseni. Futi kamba mfukoni hana.

#8 FundiChokaa
#7 hata akija nayo, kiwanja kitaongezeka mita nne?

#9 Wakili_Msomi2
Mteremko unaweza kukunjwa ukazunguka ukuta. Au sakafu ya mapokezi ishushwe na maji yaelekezwe kwingine. Kwenye lifti ya mizigo ya jikoni pesa ilipatikana.

#10 FundiChokaa
Hapo kwenye lifti ya jikoni umenipata.

#11 MapokeziZenji
Asalaam aleikum. Mie nimekaa mapokezi miaka, hoteli sitaji. Naomba niwatetee kidogo wenzangu.

Yule anayepokea simu hana ruhusa ya kusema "hapana". Kila chumba kinachopotea anaulizwa yeye. Na kusema kweli kichwani mwake "tutambeba" ndiyo jibu jema, ndivyo alivyolelewa, bibi mgonjwa hubebwa. Hajui kuwa anatukana. Wageni wa kiti tuliopata wengi ni wazungu wanaokuja na wakala, wakala keshapima kila kitu, basi sisi hatukujifunza kitu. Mwenyeji kupiga simu mwenyewe akauliza upana wa mlango ni nadra. Mkipiga kumi kwa wiki, mwenye hoteli atanunua futi.

Ushauri kwa ndugu yangu wa Dodoma: omba kuzungumza na mtu wa usafi wa vyumba, siyo mapokezi. Yeye ndiye anayejua bafu lipi lina kizingiti na lipi halina, maana ndiye anayepiga deki.

#12 BintiWaMagurudumu
#11 hilo la mtu wa usafi ni dhahabu.

Ila "mwenyeji ni nadra" inaumiza. Hatuji kwa sababu hapafikiki, na hapafikiki kwa sababu hatuji. Nani aanze?

#13 Mombasa_Raha
Nawasalimu kutoka 001, Mombasa. Huku Kenya sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe, na wenye magari ya abiria miwili. Matatu bado unapanda kwa kupigwa pushi. Saa hii tuna sheria mpya ya 2025, tuone. Kwa hivyo wakili wa hapo juu aende polepole, sheria si saruji.

Mkichoka na Unguja mje Mombasa. Mama Ngina Waterfront ilikarabatiwa 2019, pana, sakafu imenyooka, unajisukuma mwenyewe jioni yote ukila mihogo ya kukaanga. Haller Park pia njia zake ziko sawa, ni machimbo ya zamani ya saruji. Fort Jesus mlangoni ni mpando, tafuta mtu wa kusukuma. Na ukipita Nairobi kuna ile Safari Walk ya KWS, shirika la wanyamapori, njia ya mbao iliyoinuliwa, unamwona simba kwa chini bila kushuka kwenye kiti.

#14 KondaMstaafu
#13 mtu anaenda Zanzibar unamleta Nairobi kuona simba. Simba tunaye Msimbazi.

#15 JangwaniDamu
#14 huyo wenu kitimwendo anakihitaji yeye.

#16 BabaWawili_Dom
😂 Vijana, uzi wangu jamani. Mgongo wenyewe unauma, msiniongezee maumivu ya moyo. Mimi ni Mnyama tangu shule ya msingi.

#17 TreniYaUmeme
Nirudi kwenye mada. SGR Dodoma ilianza Juni 2024, nimepanda na baba yangu anayetumia kiti, safi sana ukilinganisha na basi. Stesheni ya Dar ina lifti. Fika mapema na ujitambulishe getini kabla foleni haijajaa, usisubiri wakati wa kupanda. Na ukikata tiketi mweleze mkatishaji ili behewa liwe karibu na lifti.

#18 Reli_Kwanza
Marekebisho kidogo #17: Juni 2024, tarehe 14, ilikuwa Dar–Morogoro. Dodoma ilianza mwishoni mwa Julai na uzinduzi ulikuwa 1 Agosti. Mengine uliyosema sawa. Naongeza: treni ya haraka inachukua kama saa tatu na nusu, ya kawaida inazidi hapo. Chagua ya haraka hata kama bei iko juu, sababu wenye kiti mnaijua.

#19 BintiWaMagurudumu
Sababu anayoizungumzia #18 ni makalio. Asiyehisi chini ya kiuno hajui kama ngozi inaungua. Kila robo saa hadi nusu saa jinyanyue kwa mikono au egemea upande mmoja mpaka damu ipite. Mto wa kiti chako panda nao ndani, uweke juu ya siti ya treni au boti, usiuache kwenye kiti kilichofungiwa na mizigo. Nimeona mtu katoka likizo ya siku chache kaingia wodini miezi kwa kidonda.

#20 Muuguzi_wa_Zamu
Naunga mkono #19. Na msijinyime maji ili kukwepa choo. Kila Desemba napokea watu wenye homa za mkojo wametoka safari, wote walikuwa "nilikunywa kidogo ili nisisumbue". Anayejitoa mkojo kwa mpira abebe mipira ya kutosha safari nzima na akiba, sabuni, maji safi ya chupa. Anayetumia mfuko wa mkojo aumwage kabla ya kupanda boti. Pampasi si aibu.

#21 NendaTu
Hapo kwenye choo nakubali. Basi la mkoani wakisimama watu kuchimba dawa, mdogo wangu anabaki ndani anatazama dirishani. Sikuwahi kulifikiria.

#22 KondaMstaafu
Kwa uzoefu wa kazi: basi ni kesi ngumu. Mlango mwembamba, ngazi zimesimama wima, na siti za mbele karibu na mlango zinauzwa kwanza. Konda mwenye busara humpakia wa kiti kabla basi halijaingia stendi kuu. Ukiweza kukodi Noah au Alphard mkachangia familia mbili, mlango wa kuvuta unasaidia, unaegesha kiti sambamba unahamia. Mjini bajaji ndiyo mkombozi. Siti ya bajaji haipishani sana na ya kitimwendo, kiti kinakunjwa kinakaa miguuni. Tafuta dereva mmoja siku ya kwanza, chukua namba, huyo huyo siku zote. Siku ya pili anajua ashike wapi.

#23 DaktariWaBaiskeli
Jamani na kiti chenyewe? Beba pampu ndogo, viraka, spana ya magurudumu ya mbele. Tairi kubwa za inchi 24 za viti vingi vya hospitali hazifanani na baiskeli za kawaida huku, fundi ataziba pancha ila ringi mpya hana. Ukiwa ufukweni, maji ya chumvi yakigusa beringi za mbele, jioni zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, futa, weka grisi. Ukisahau zitaanza kulia kabla hujafika nyumbani.

Kama kiti hakikukai vizuri, nenda hospitali ya CCBRT kama uko Dar wakurekebishie kabla ya safari, au ya KCMC Moshi, pale kipo chuo cha TATCOT wanapofundishwa mafundi wa vifaa hivi. Kiti cha msaada kilichotengenezwa kwa mtu mpana kuliko wewe kinakuharibia bega, na pia ndicho kinachokwama mlangoni.

#24 MwanaMkunazini
Mbona hakuna aliyezungumzia maji? Mnapanga kwenda kisiwani bila kutazama mwezi!

Bamvu, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, likiwa kali, mwezi mpya au mpevu, Unguja maji hukauka sana kama saa nne asubuhi. Boti ya asubuhi kutoka Dar inachukua kama saa mbili, inafika karibu na wakati huo. Penye gati lisilopanda na kushuka na maji, boti iko chini, daraja la kupandia linasimama mwinuko hasa. Maji mafu, wiki moja baada ya hapo, tofauti ni ndogo na daraja linalala. Sheikh wa Dodoma, chagua tarehe kwa kalenda ya mwezi kwanza, ndiyo uombe ruhusa kazini.

Pwani vilevile. Mchanga mkavu ni adui wa kiti, gurudumu la mbele linazama. Maji yakitoka, mchanga mbichi unakuwa mgumu, unaweza kwenda. Paje na Jambiani maji yanatoka mbali mno, unapata uwanja mzima wa kutembelea asubuhi, wanawake wa mwani wako kazini mnasalimiana. Nungwi maji hayakimbii vile, kwa kuogelea bora, kwa kujisukuma si sana.

#25 BabaWawili_Dom
#24 mzee wangu, mimi mtu wa Dodoma, bamvu nimelisikia leo. Nafungua kalenda.

#26 Mtalii_wa_Ndani
Ukifika Mji Mkongwe usikose Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, kuna lifti ya kihistoria humo.

#27 MwanaMkunazini
#26 unampeleka mtu kwenye kifusi. Sehemu ya jumba iliporomoka Desemba 2020. Atalitazama kwa nje akiwa Forodhani, na Forodhani penyewe ni tambarare, jioni anakula urojo pale. Ngome Kongwe iko jirani. Vichochoro vya ndani kwa wingi ni sawasawa, ila kuna mawe, mifereji na pikipiki. Nyumba za zamani ndiyo shida, vizingiti vya milango ile vilijengwa virefu kusudi. Nyumba ya wageni ndani ya jumba la kale, hata ikiwa nzuri vipi pichani, vyumba viko juu na ngazi zake nyembamba, zimesimama. Tafuta ya kisasa nje kidogo ya Mji Mkongwe, mfano upande wa Mazizini.

Jozani watoto watapenda. Kima punju wanakuja hadi karibu na barabara, si lazima uingie ndani sana. Kisiwa cha Changuu acha. Unashukia majini.

#28 MkeWaMtuWaKiti
Nimesoma wote, mmezungumza magurudumu, milango, mwezi. Anayesukuma hayupo kwenye mipango yenu.

Mume wangu hupanga sehemu, mimi napanga mgongo wangu. Nasukuma, nabeba begi, nashika mtoto, usiku namgeuza. Tukirudi watu wananiuliza likizo ilikuwaje. Baba Wawili, usimfanye mkeo awe mashine. Tenga hela ya kijana mmoja wa kusukuma hata nusu siku, yeye akae mchangani na watoto. Na mimi, samahani BintiWaMagurudumu, vijana wa hoteli wakisema watambeba nashukuru Mungu.

#29 BintiWaMagurudumu
#28 usiombe samahani. Lakini ona: mlango ungekuwa mpana na sakafu sawa, usingehitaji hao vijana wala mgongo wako. Tunagombana mimi na wewe na mwenye ngazi amekaa kimya.

#30 MkeWaMtuWaKiti
Ungekuwa. Desemba hii hauko.

#31 Ustaadh_wa_Kijiweni
Swali la pembeni, kaka atakuwa Unguja Ijumaa. Magurudumu na zulia la msikiti inakuwaje?

#32 MwanaMkunazini
#31 kwetu wapo wanaobeba kitambaa wanafuta tairi au wanazivisha, wengine wanaswali barazani, safu inawafikia. Aende mapema amuone mwadhini, watampangia. Ngazi za msikiti ni kisa kingine.

#33 Hamburg_Mswahili
Niko Ujerumani. Huku mwenye kitambulisho cha ulemavu chenye alama B, msindikizaji wake halipi nauli kwenye treni na mabasi. Ndiyo, bure. #28 wewe huku ungesafiri bure. Lakini msidhani huku ni peponi, lifti za stesheni hufa, na siku imekufa utajua ukiwa chini.

Nikija nyumbani kwa ndege, tatizo ni lugha ya kuombea msaada.

#34 UwanjaWaNdege_Insider
#33 ngoja niiweke wazi maana watu wanaonewa kwa kutojua. Kuna misimbo mitatu ambayo mashirika ya ndege hutumia. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi, ila masafa marefu yanamshinda. WCHS hawezi ngazi, hatua chache ndani ya ndege anaweza. WCHC hawezi kabisa, anahitaji kile kiti chembamba cha kupita kati ya siti. Ukisema tu "nahitaji kiti" unaandikwa WCHR, unafika wanakusubiri chini ya ngazi za ndege na tabasamu. Taja WCHC kwa herufi, saa 48 kabla, kwa maandishi.

Omba kiti chako mwenyewe kikufikishe hadi mlango wa ndege na kirudishwe hapo hapo. Toa mto, toa sehemu za miguu kama zinachomoka, zibebe mkononi. Piga picha kiti kabla hakijachukuliwa.

#35 Moro_Kasoro_Bahari
Kwa mwalimu mwenzangu mwenye bajeti: umefikiria Mikumi? Shuka SGR Morogoro, kodi Noah. Barabara kuu ya Iringa inakata hifadhini kama kilomita 50, tembo na twiga unawaona ukiwa barabarani, kiti hakishuki kwenye gari.

#36 KondaMstaafu
#35 kwa hiyo likizo ya familia ni kutazama wanyama wakati dereva anapunguza mwendo. Mwalimu ni mwalimu tu.

#37 Moro_Kasoro_Bahari
Na pundamilia hawana kizingiti, mkuu.

#38 MapokeziZenji
Ndugu yangu wa Dodoma umepata chumba?

#39 BabaWawili_Dom
Niwape mrejesho. Nimepiga upya kwa mtindo wa #11, mtu wa usafi akaja kwenye simu. Hoteli moja alicheka akasema "kaka huku usije". Nyingine, ya nje ya Mji Mkongwe, dada amepima mlango wa bafu, sm 78, picha na futi nimetumiwa. Choo cha kukaa, ila bafu lina kizingiti kama sm 5. Nitabeba ubao. Dar tutalala maeneo ya Posta, stesheni na boti zote ziko karibu, bajaji mbili zinatosha. Tarehe nimesogeza wiki moja kukwepa bamvu, mkuu wa shule ameniangalia kama mganga wa kienyeji. Na kijana wa kusukuma siku mbili yumo kwenye bajeti, #28 mama watoto anakusalimu.

Ile nyingine ya kama wanadanganya au hawajui bado sijaelewa. Yule dada wa usafi alijua kila kitu, yuko hatua kumi kutoka mapokezi.

#40 Wakili_Msomi2
Ndiyo maana nasema ukaguzi.

#41 FundiChokaa
Ndiyo maana nasema ramani. Sm 5 za kizingiti cha bafu tunaziweka kuzuia maji yasitoke, sakafu ikipewa mwelekeo sahihi hazihitajiki. Mwenye nyumba hataki kulipia siku ya ziada ya fundi sakafu.

#42 NendaTu
Nimemuuliza mdogo wangu, kama #4 alivyosema. Amenijibu Tanga alibana haja siku nzima, hakusema kwa sababu tulikuwa tunafurahi. Bado naamini kwenda ni bora kuliko kukaa. Ila futi kamba nimenunua.

#43 BintiWaMagurudumu
#42 🙌🏾 Nunua na kiti cha plastiki ukitoboe katikati, mkikuta choo cha kuchuchumaa mnakiweka juu. Kinachukua nafasi kwenye buti lakini kimeniokoa.

#44 Sengerema_Umeme
Wakuu, samahani nadandia. Mimi kiti changu ni cha umeme. Nataka ndege Mwanza–Zanzibar. Betri imeandikwa 24V 20Ah. Nitaruhusiwa?

#45 UwanjaWaNdege_Insider
#44 zidisha, 24 mara 20 ni Wh 480, yaani wati-saa. Kama ni lithiamu na kiti kimetengenezwa ili betri itolewe, ikitolewa mwisho ni Wh 300, haitapita. Ikibaki imefungwa imara kwenye kiti na nyaya zimekingwa, kikomo hicho hakiihusu, lakini shirika lazima likubali mapema. Kama ni ya jeli kavu ni rahisi zaidi, mara nyingi inabaki kwenye kiti. Ni ipi?

#46 Sengerema_Umeme
Sijui mkuu. Nitaangalia wapi?

#47 DaktariWaBaiskeli
Mtu akushushe, alaze kiti ubavu, stika mara nyingi iko kwenye betri yenyewe. Piga picha uiweke hapa. Na usisafiri na kitu kabla hujajua chaja yake inakubali soketi za huko unakolala.